Mpira Chini ya Ngozi: Tiba ya Kichwa Kikubwa na Familia Zilizoilinda

Ugonjwa ambao wazazi wa Afrika Mashariki huuita kichwa kikubwa, na ambao madaktari huuita haidrosefalasi kwa jina lililoundwa na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya maji na kichwa, ni hali ya maji ya ubongo kuendelea kuzalishwa huku yakikosa njia ya kutosha ya kutokea. Ndani ya ubongo wa kila binadamu mna vyumba vinne vilivyounganishwa kwa vijia vyembamba, na ndani ya vyumba hivyo vishada vya mishipa midogo ya damu, viitwavyo koroidi, hutoa maji maangavu yanayofikia karibu nusu lita kwa siku kwa mtu mzima; maji hayo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, huukinga ubongo dhidi ya mitikisiko, kisha hufyonzwa na kurudi katika damu. Njia inapoziba, au ufyonzaji unapodhoofika, koroidi haziachi kazi yake, na kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga bado haijashikana, fuvu hutanuka, utosi hutuna, mishipa ya kichwani huchomoza na macho huelekea chini kama jua linalotua. Mara nyingi hali hii huandamana na mgongo wazi, yaani kasoro ya kuzaliwa itokanayo na uti wa mgongo kushindwa kufunga katika wiki nne za mwanzo za mimba, ambapo mtoto huzaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, miguu isiyo na nguvu na kibofu asichoweza kukitawala.

Historia ya tiba ya ugonjwa huu kwa kawaida huandikwa kuwa historia ya madaktari na vifaa vyao, na maandishi ya namna hiyo, ingawa si ya uongo, hukoma mahali ambapo familia ndiyo kwanza inaanza kuhesabu, yaani siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Upasuaji wa kichwa kikubwa haufanani na upasuaji wa ngiri au wa kidole tumbo, kwa sababu hauondoi ugonjwa bali huyafungulia maji njia nyingine, na njia hiyo yaweza kuziba siku yoyote katika maisha ya mtoto, kwa hiyo yahitaji mlinzi. Mlinzi huyo tangu mwanzo amekuwa mzazi, na mara nyingi zaidi mama. Na mtu akiisoma historia hii kwa makini huona kwamba nyumba ya mgonjwa haikupokea tu yale yaliyobuniwa hospitalini, bali mara kadhaa ndiyo iliyoamua upasuaji wenyewe ufanywe vipi.

Kabla ya kufika huko, yafaa kutazama jinsi lugha yenyewe ilivyomweka mtoto huyu. Katika Kiswahili neno kichwamaji ni tusi, hutupiwa mtu mpumbavu au asiyeshaurika, na Euphrase Kezilahabi alipoipa riwaya yake ya 1974 jina hilo alikuwa akicheza na maana zote mbili, ya tusi na ya kichwa chenye maji, kwani ndani yake msomi Kazimoto hupata mtoto mwenye kichwa kisicho cha kawaida, na msiba huo unahusishwa na uasherati wake mwenyewe, mpaka anajiua. Riwaya si kitabu cha tiba na haipaswi kuhukumiwa kwa mizani ya tiba, lakini inashuhudia wazo lililokuwa na mizizi mirefu, kwamba mwili wa mtoto ni daftari la makosa ya wazazi. Katika maisha ya kawaida daftari hilo lilisomwa zaidi dhidi ya mama kuliko dhidi ya baba: ndiye aliyeambiwa kuwa alirogwa, au kwamba ukoo wake una laana, au kwamba alivunja mwiko wakati wa ujauzito, na ndiye aliyerudishwa kwao akiwa na mtoto mkononi. Ajabu ni kwamba mama huyohuyo ndiye aliyeujua utosi kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, kwa kuupaka mafuta, kuugusa wakati wa kumwogesha mtoto na kutambua umezama au umevimba. Ujuzi huo wa vidole, ambao hakuna aliyeuita elimu, ndio uliokuja kuwa nguzo ya tiba baadaye.

Tiba ya kale haina mengi ya kuchelewesha maelezo. Al-Zahrawi, tabibu Mwarabu wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika kuhusu watoto ambao vichwa vyao hujaa maji na namna ya kupasua ili kuyatoa. Mwanaanatomia Vesalius katika karne ya 16 alionyesha kuwa maji yaweza kukusanyika ndani ya vyumba vya ubongo wenyewe. Robert Whytt wa Edinburgh aliueleza ugonjwa huu kwa kirefu katika kitabu cha 1768. Na mwaka 1891 Heinrich Quincke, Mjerumani, alianzisha mbinu ya kuchoma sindano kiunoni ili kuchota maji ya uti wa mgongo. Katika muongo wa 1910 Walter Dandy na Kenneth Blackfan, wakifanya kazi Baltimore, walithibitisha kwa majaribio ya wanyama kuwa maji hutoka katika koroidi na kwamba kuziba kwa vijia huleta ugonjwa, na Dandy akajaribu kuziondoa koroidi zenyewe, ingawa wengi wa watoto wake wa mwanzo walikufa. Mwaka 1923 William Mixter wa Boston aliingiza katika ubongo wa mtoto mchanga chombo kilichotengenezwa kwa kuchungulia njia ya mkojo, akatoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapite. Jaribio hilo lilisahauliwa kwa miongo mingi, na litarudi katika maelezo haya likitokea mahali ambapo Mixter asingeweza kupakisia.

Kilichokosekana kwa muda mrefu hakikuwa wazo la kuyahamisha maji, kwani wapasuaji walikwisha kujaribu kuyaelekeza kwenye mishipa ya damu, kifuani, tumboni na hata kwenye njia ya mkojo, bali ni mrija ambao mwili ungeukubali na mlango ambao ungeyaruhusu maji kwenda bila kuruhusu damu kurudi. Mlango wa namna hiyo, unaoitwa vali, uliwekwa kwa mtoto mwaka 1949 na Frank Nulsen na Eugene Spitz huko Philadelphia, ukiwa na vipira vidogo vilivyobanwa kwa springi, lakini ulikuwa mgumu kutengeneza na haukutegemewa. Miaka sita baadaye, Novemba 1955, katika eneo hilohilo alizaliwa Casey Holter, mwenye mgongo wazi na baadaye kichwa kikubwa, na baba yake, John Holter, alikuwa fundi wa vyuma katika kiwanda cha kufuli.

Wodini, Holter alimwona mwanawe akichomwa sindano utosini tena na tena ili maji yachotwe, na alipomwuliza Spitz kwa nini kazi hiyo isifanywe na kifaa kimoja ndani ya mwili, alielezwa tatizo la vali kama mhandisi anavyoelezwa tatizo la pampu. Jicho la fundi likaangukia kitu ambacho madaktari walikuwa wamekizoea mno kiasi cha kutokiona: kipande cha mpira cha mrija wa dripu, ambacho wauguzi hukichoma sindano ili kuingiza dawa, hakivuji sindano ikishatolewa, kwa sababu tundu hujifunga lenyewe na hufunguka tu shinikizo linapozidi. Kutokana na hilo alitengeneza vali yenye mipasuko miwili katika vikombe vidogo vya mpira, na ilipobainika kuwa mpira wa kawaida huudhi nyama za mwili, alitumia silikoni, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani ambao wakati huo ulikuwa mgeni katika tiba. Kwa miezi michache tu kifaa kilikuwa tayari, na watoto wa kwanza waliwekewa mwaka 1956. Casey hakuwa wa kwanza wao, kwani hali yake haikuruhusu. Alipata chake baadaye, na alifariki mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 5. Baba yake, aliyekuwa ameacha kufuli na kufungua karakana yake mwenyewe, aliendelea kutengeneza vali kwa ajili ya watoto wa watu wengine.

Kisa cha pili kinafanana na cha kwanza kiasi cha kuonekana kimetungwa, tena mhusika wake alikuwa mtunzi. Roald Dahl, aliyeishi Dar es Salaam tangu 1938 akiwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell na kujifunza Kiswahili huko kabla ya kujiunga na jeshi la anga jijini Nairobi mwaka 1939, alikuwa akiishi New York na mkewe, mwigizaji Patricia Neal, wakati kigari cha mwana wao Theo mwenye umri wa miezi minne kilipogongwa na teksi mwezi Desemba 1960. Kwa majeraha ya kichwa mtoto alipata haidrosefalasi, akawekewa mrija wenye vali, na vali hiyo ikaziba mara kwa mara, kila mara ikimrudisha mtoto katika chumba cha upasuaji. Familia iliporejea Uingereza, Dahl alimwendea Stanley Wade, mhandisi aliyependa kutengeneza injini ndogo za ndege za mfano, na kwa ushauri wa Kenneth Till, mpasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, watu hao watatu walibuni vali ya chuma isiyozibwa kwa urahisi na mabaki ya damu na nyama, iliyoanza kutumika 1962. Walikubaliana kutopata faida, kifaa kiliuzwa kwa bei ndogo kuliko vilivyokuwapo, na maelfu ya watoto katika nchi mbalimbali walikitumia. Theo mwenyewe alikuwa amepata nafuu na hakuihitaji tena.

Waandishi wa historia ya tiba hupenda sana akina baba hawa wawili, na kuna sababu ya haki, lakini upo upungufu katika upendo huo. Holter na Dahl wamebaki katika kumbukumbu kwa kuwa waliacha kitu kinachoshikika na kinachopewa jina, ilhali kazi iliyowezesha kitu hicho kufaa, yaani kumkesha mtoto, kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha kichwa, kutambua kwamba kutapika kwa leo si kule kwa jana, haikuacha kifaa wala jina. Ikumbukwe kuwa mrija huu, ambao katika hospitali za Afrika Mashariki huitwa shanti na ambao akina mama wengi huuita tu mpira, hauonyeshi kwa nje kwamba umeziba. Katika utafiti wa watoto 344 uliotangazwa mwaka 1998, uliofanywa katika hospitali za nchi tajiri kwa vali za aina tatu tofauti, zaidi ya nusu ya shanti zilikuwa zimeshindwa kabla ya kutimia miaka 2, na aina ya vali haikuleta tofauti. Kwa hiyo mtu anayerudishiwa mtoto baada ya upasuaji hupewa pamoja naye kazi ya zamu isiyo na mwisho: kutazama utosi kama umetuna mtoto akiwa ametulia, macho kama yanashuka, homa kama inapanda katika miezi ya kwanza ambapo maambukizi ni mengi, na kidonda cha nyuma ya sikio na cha tumboni kama kinatoa majimaji. Mtoto asiyechangamka kwa jambo linalomchangamsha kila siku ni dalili ambayo hakuna mashine inayoiona mapema kuliko mama.

Mwili wa mtoto pia una jambo ambalo wabunifu wa mwanzo hawakulipa uzito wa kutosha, nalo ni kukua. Shanti za miaka ya 1950 na 1960 zilipitishwa katika mshipa wa shingo hadi moyoni, na kadiri mtoto alivyorefuka ncha ya mrija ilivutwa juu ikatoka moyoni na kuziba, hivyo upasuaji mwingine ulihitajika hata kama kila kitu kilikwenda sawa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wapasuaji walihamia tumboni, katika uwazi unaozunguka matumbo, ambako maji hufyonzwa na utando wa ndani na ambako mrija mrefu waweza kuachwa umejikunja ukisubiri urefu wa mtoto. Mtoto wa wiki chache huondoka hospitalini akiwa amebeba tumboni mrija wa kumtosha hadi utoto wake ukaribie kwisha.

Uingereza ndiko swali la familia lilipoulizwa waziwazi, tena kwa namna ya kuumiza. Katika mji wa Sheffield, ambako vali ya Holter ilipokelewa mapema, Robert Zachary, John Lorber na wenzao walianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwafunga migongo watoto wengi kadiri walivyoweza tangu siku ya kuzaliwa, na watoto ambao zamani wangekufa wakaanza kufika umri wa kwenda shule, wengi wao wakiwa na viti vya magurudumu, maambukizi ya figo na orodha ndefu ya upasuaji. Mwaka 1971 Lorber alitangaza hesabu ya watoto 524 na kupendekeza vigezo vya kuwaacha bila upasuaji wale wenye hali mbaya zaidi tangu kuzaliwa, kwa hoja kwamba maisha yao yangekuwa mzigo kwao na kwa nyumba zao. Zachary, aliyekuwa ameandika juu ya maadili ya tiba hiyo mwaka 1968, alimpinga, akishikilia kuwa kuzaliwa na ulemavu hakumpunguzii mtoto haki ya kutibiwa. Wote wawili walizungumza kwa jina la familia. Familia zenyewe zilikuwa zimekwisha kuunda chama chao nchini humo mwaka 1966, na mambo yaliyozishughulisha hayakuwa ya kifalsafa: ngazi za shule, nepi za mtoto wa miaka 9, na nani atabaki na ndugu zake mama anapolala hospitalini. Hesabu ya Lorber ilipima vizuri miguu na akili, lakini ilichukulia hali ya nyumba na ya shule kana kwamba ni sehemu ya ugonjwa isiyobadilika, na hilo ndilo kosa lake kubwa, kwa sababu ndani ya mwaka mmoja sehemu moja ya hali hiyo ilibadilika kabisa, kama itakavyoelezwa mwishoni.

Afrika Mashariki iliipokea shanti kwa miongo kadhaa ikiwa kifaa cha hospitali chache za miji mikubwa, na ugumu wake haukuwa tu upungufu wa wapasuaji. Shanti iliyobuniwa Marekani inamdhania mgonjwa aliye saa moja kutoka hospitalini. Kwa mtoto wa kijiji ambacho gari hupita mara moja kwa siku, au ambaye mama yake lazima kwanza auze mbuzi, aombe ruhusa kwa mumewe na kutafuta wa kumwachia wadogo, mrija ulioziba Jumatatu huenda ukafika kwa daktari Ijumaa, na ubongo hausubiri kiasi hicho. Benjamin Warf, mpasuaji Mmarekani aliyehamia na mkewe na watoto wao sita katika mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, mwaka 2000, ili kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE, alikutana na hesabu hiyo tangu mwanzo. Alifanya mambo mawili. Kwanza alilinganisha vali iliyotengenezwa India kwa bei ya takriban dola 35 na vali ya Marekani ya dola 650, akaonyesha mwaka 2005 kuwa matokeo hayakutofautiana. Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi, alirudi kwa wazo la Mixter na la Dandy: kwa kutumia endoskopu, yaani mrija mwembamba wenye kamera na taa, alitoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia ya ndani kwa ndani, na kwa watoto wachanga, ambao mbinu hiyo peke yake mara nyingi iliwashindwa, aliongeza kuziunguza koroidi ili zipunguze uzalishaji. Mtoto aliyepona kwa njia hiyo hakuwa na mpira wowote wa kuziba.

Ni halali kusema kwamba umbali wa kijiji kutoka hospitalini ndio uliobuni upasuaji wa Mbale, kwa kuwa nchi tajiri hazikuwa na haraka ya kuzifanya mbinu hizo mbili kwa pamoja kuwa tiba ya kawaida ya watoto wachanga. Jaribio lililofanywa Mbale na kutangazwa mwaka 2017, likiwahusisha watoto 100 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya shanti na endoskopu, lilionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja ukuaji wa akili haukutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika, na wapasuaji wa Amerika Kaskazini tayari walikuwa wanajifunza mbinu hiyo. Kwa upande mwingine kipimo cha akili cha makundi yote mawili hakikuwa cha kufurahisha, na sababu mojawapo iko katika chanzo cha ugonjwa. Kati ya watoto 300 wa mwanzo waliochunguzwa Mbale, takriban 6 kati ya 10 walikuwa na kichwa kikubwa kilichotokana na maambukizi ya ubongo, mara nyingi katika mwezi wa kwanza wa maisha, na mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa wamekuta katika maji ya ubongo ya watoto wengi wa kundi hilo bakteria wa jamii ya Paenibacillus, asiyedhaniwa kabla. Kiswahili kina jina la kale la homa yenye mtukutiko wa viungo inayomshika mtoto, degedege, na ingawa jina hilo hukusanya magonjwa mengi, malaria ikiwemo, degedege ya mtoto wa wiki mbili na kichwa kinachokua wiki kadhaa baadaye yalizungumzwa nyumbani kama misiba miwili isiyojuana, wa kwanza ukipelekwa kwa mganga na wa pili ukifichwa ndani.

Kupona kwenyewe, mara mtoto arudipo nyumbani, hutegemea mambo ambayo ripoti za upasuaji huyataja kwa sentensi moja au huyaacha. Kichwa kilichotanuka hakisinyai siku ya upasuaji. Hukoma kukua kwa kasi, na mwili huchukua miezi na miaka kukifikia, kwa hiyo shingo hubaki dhaifu, mtoto huchelewa kukaa, na mbeleko iliyofungwa kwa desturi humwacha kichwa kikining'inia, jambo linalowalazimu akina mama kuipandisha hadi kisogoni au kumbeba mtoto kwa mbele. Mwenye mgongo wazi uliofungwa hawezi kubebwa mgongoni kabla kidonda hakijakauka, na katika nyumba ambamo mama hulima, huchota maji na hupika akiwa na mtoto mgongoni, wiki hizo chache ni wiki za kazi kusimama. Upande wenye vali haulaliwi wakati ngozi bado mbichi. Mkanda wa kupimia wa fundi cherehani huzungushwa kichwani kila baada ya siku kadhaa, na namba huandikwa katika kadi ya kliniki. Nchini Tanzania, ambako Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria mwaka 1996 na kuwa kitovu cha upasuaji wa ubongo, wazazi waliokutana katika wodi na kliniki walifanya kama wenzao wa Uingereza na kuunda chama cha wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, kijulikanacho kwa kifupi cha ASBAHT. Na Kenya, katika hospitali ya Kijabe, huduma ya upasuaji kwa watoto hawa iliambatana na kliniki za kuzunguka wilayani, ili mzazi afuatwe badala ya kufuata. Mama aliyekwisha kupita njia hiyo, akimwonyesha mgeni wa wodini mtoto wake wa miaka 7 anayesoma, aliondoa hofu ambayo maelezo ya daktari hayakuigusa.

Kinga ilikuja upande mmoja tu wa tatizo. Utafiti mkubwa uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulithibitisha kuwa vidonge vya asidi ya foliki, mojawapo ya vitamini B, vikimezwa kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo hupunguza kwa karibu robo tatu uwezekano wa mgongo wazi kurudi kwa mama aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye hali hiyo. Kwa kuwa uti wa mgongo hufunga kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, vidonge vya kliniki ya wajawazito hufika vikiwa vimechelewa, na ndiyo sababu Marekani iliamua kuweka kirutubishi hicho katika unga tangu 1998, Afrika Kusini ikafuata 2003, na Kenya na Tanzania zikatunga kanuni zao mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kanuni hizo zinafika kwenye mifuko ya viwanda vikubwa. Zinapata shida kufika kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, ambako familia hupeleka debe la mahindi yake na kurudi na sembe au dona isiyoongezwa kitu.

Inabaki ile sehemu ya hali ya nyumba na ya shule iliyobadilika mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya hesabu ya Lorber. Kibofu cha mtu mwenye mgongo wazi hakipokei wala hakitumi habari vizuri, hujaa bila kutoa taarifa, na mkojo unaorudi nyuma huharibu figo polepole, hata ikawa kwamba watoto waliookolewa ubongo na vali ya Holter walikufa kwa figo walipokuwa vijana. Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan alidai mwaka huo, kinyume na mafundisho ya wakati wake, kwamba kinacholeta maambukizi zaidi ni kibofu kilichotanuka kuliko vijidudu vinavyoingia, na kwa hiyo katheta, yaani mpira mwembamba wa kutolea mkojo, yaweza kuingizwa na mgonjwa au mzazi mara kadhaa kwa siku kwa mikono iliyooshwa tu, bila glavu wala vifaa vilivyochemshwa. Wazo hilo halikuhitaji kiwanda wala chumba cha upasuaji, na katika mafunzo ya wazazi wa Afrika Mashariki vifaa vyake ni sabuni, maji safi, kikombe, kitambaa na katheta inayooshwa, kukaushwa na kutumika tena. Mama huifanya kazi hiyo mara nne au tano kwa siku, na mtoto anapoanza shule humfuata darasani wakati wa mapumziko, kwa sababu mwalimu haigusi na mtoto bado hajaiweza. Mafunzo hayo humtaka mama amfundishe mtoto mapema, mara nyingi kabla ya miaka 10, kwanza kushika kikombe, kisha kuosha mikono na mpira, kisha, kwa msichana akisaidiwa na kioo kidogo kilichowekwa kati ya miguu, kuuingiza mwenyewe, huku mama akiwa amekaa nyuma ya mlango akisubiri kusikia mkojo ukidondoka ndani ya kikombe.